Binti wa A-level Uingereza: Jumatano za mtandaoni, fomu za chuo na kazi ya mzazi

*Swali: Tumetoka Tanga, huu ni mwaka wetu wa saba Uingereza. Binti yetu yupo mwaka wa 12, wa kwanza wa A-level, anasoma biolojia, kemia na saikolojia. Shule yake imefanya Jumatano kuwa siku ya kusomea nyumbani kwa mtandao, na kila nikirudi kazini namkuta kitandani na simu. Baba yake anataka asome udaktari, mwenyewe anataja biomedikali au saikolojia. Walimu wanasema anaelekea ABB. Sisi hatukusoma chuo hapa, hatujui fomu zinakwendaje wala mkopo. Tumsaidie vipi bila kumharibia?*

Mama, nianze na jambo linalowachanganya wazazi wengi waliosoma Tanzania. Kule mtoto anamaliza kidato cha sita, matokeo yanatoka, ndipo anaomba chuo akiwa na alama mkononi. Uingereza ni kinyume. Binti yako atakayejiunga Septemba 2027 ataomba kati ya Septemba 2026 na Januari 2027, miezi kadhaa kabla ya kuingia kwenye chumba cha mtihani. Vyuo vitakachokitazama ni alama za GCSE (mitihani ya kitaifa ya mwisho wa mwaka wa 11) alizokwisha kupata na alama za makadirio zitakazoandikwa na walimu wake. Makadirio hayo hutegemea sana mtihani wa ndani wa mwisho wa mwaka wa 12, ambao shule nyingi huufanya Juni au Julai.

Kwa hiyo Jumatano zake na chaguo lake la chuo ni jambo moja. Jumatano zikipotea, mtihani wa Juni unateremka, makadirio yanateremka, na vyuo vinamkataa kabla hajafanya mtihani wenyewe. Ndiyo maana naanza na Jumatano.

Siku ya mtandaoni

Jumapili jioni mwombe akuonyeshe ratiba ya Jumatano inayokuja. Siku hiyo huwa na vitu viwili tofauti: vipindi vya moja kwa moja, ambapo mwalimu yupo kwenye skrini kwa saa maalumu, na kazi za kujifanyia ambazo hazina saa. Vipindi vya moja kwa moja wengi huhudhuria. Kinachopotea ni kazi zisizo na saa. Zipeni saa: ziandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, kemia saa 3 hadi saa 4 na nusu, mapumziko, biolojia saa 5, na kuendelea. Kipimo ambacho shule nyingi hutumia ni saa moja ya kujisomea kwa kila saa ya darasani. Masomo matatu yenye vipindi vya saa nne au tano kwa wiki kila moja yanadai takriban saa 12 hadi 15 za kujisomea. Bila Jumatano hesabu hiyo haitimii.

Asihudhurie kwa simu. Kwenye simu hawezi kuona slaidi na kuandika kwa wakati mmoja, na ujumbe wa marafiki unaingia juu ya uso wa mwalimu. Atumie laptopu, mezani, na simu ikae chumba kingine hadi mapumziko. Kitandani mwili unajiandaa kulala, na hata anayetaka kusoma hatamaliza saa mbili. Kama hana laptopu, aulize shuleni kuhusu 16 to 19 Bursary Fund: hii ni fedha ya serikali inayogawiwa na shule yenyewe kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, nayo hulipia vifaa, nauli na vitabu. Walio katika makundi maalumu, kwa mfano mtoto aliye chini ya uangalizi wa halmashauri, wanaweza kupata hadi pauni 1,200 kwa mwaka. Wengine hupewa kwa kadiri shule itakavyoona. Haiji yenyewe mpaka ajaze fomu.

Kipindi cha video hula takriban gigabaiti moja kwa saa, kwa hiyo bando la simu haliwezi kubeba siku nzima. Kama intaneti ya nyumbani ni mzigo na mnapokea Universal Credit, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, piga simu kwa kampuni yenu muulize kuhusu bei ya kijamii (social tariff), yaani bei nafuu kwa wanaopokea ruzuku. Kampuni nyingi kubwa wanayo lakini hawaitangazi sana. Kama picha inakatika, kwanza aketi karibu na ruta, azime kamera, na wadogo zake wasiwe wanatazama filamu wakati huohuo. Mara nyingi hilo linatosha.

Sasa jambo la ndani ya nyumba, na nalisema kwa sababu naliona linawaumiza mabinti kuliko wavulana. Binti akiwa nyumbani Jumatano, nyumba humwona yupo. Mdogo anaumwa, abaki naye. Fundi anakuja, amfungulie. Chakula cha jioni, aanze yeye. Kila ombi ni dogo, lakini kufikia jioni siku ya masomo imeisha vipande vipande. Kubalianeni na baba kwamba mpaka saa 10 jioni Jumatano yeye yupo shule. Baada ya hapo asaidie kama kawaida.

Vipindi vilivyorekodiwa ni mtego mwingine. Mwanafunzi anajiambia "nitaangalia baadaye", na kufikia Aprili ana rundo la saa arobaini ambazo hatazitazama kamwe. Kipindi alichokikosa akitazame ndani ya siku mbili, au aache na badala yake asome sura hiyo kwenye kitabu na kufanya maswali yake.

Huhitaji kujua kemia ili umkague. Jumatano jioni mwambie afunge daftari, akueleze kitu kimoja alichojifunza, kwa Kiswahili, kwa dakika tano. Aliyeelewa ataweza, aliyenakili slaidi atakwama katika dakika ya pili, naye mwenyewe atajua. Jambo la pili ni maswali ya mitihani iliyopita. Bodi za mitihani kama AQA, OCR na Pearson Edexcel huweka tovutini bure karatasi za nyuma, mwongozo wa kusahihisha na ripoti ya watahini inayoeleza watahiniwa walikosea wapi. Ripoti hiyo wanafunzi wachache huisoma, nayo ndiyo inayompandisha mtu kutoka B kwenda A. Afanye angalau karatasi moja kwa kila somo kila wiki mbili, kwa saa iliyopangwa, kisha ajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Mwulize anatumia bodi gani na silabasi gani, maana karatasi ya bodi nyingine inaweza kuwa na mada asizosoma.

Sehemu moja ya biolojia na kemia haisomwi kwenye skrini: praktikali. Katika kila somo la sayansi la A-level anatakiwa kufanya angalau kazi 12 za maabara kwa miaka miwili, na mwisho hupewa cheti cha kufaulu kinachoandikwa kando ya alama. Kozi kadhaa za sayansi na udaktari hudai cheti hicho kwenye ofa, yaani nafasi ambayo chuo humpa mwombaji kwa masharti ya alama. Akikosa siku za maabara, aombe kuzifidia mapema, kwa sababu Mei ya mwaka wa 13 hakuna tena nafasi.

Na kama kinachomlaza kitandani si simu bali huzuni au kukosa usingizi, hilo si suala la ratiba. Mwandikie mwalimu mlezi wake ukiomba mazungumzo, na umpeleke kwa daktari wa familia. Likigundulika jambo kama ugumu wa kusoma au maradhi ya akili, shule inaweza kumwombea muda wa ziada kwenye mtihani, ila ushahidi unatakiwa mapema, si wiki ya mtihani.

Udaktari, biomedikali au saikolojia

Nasema wazi: kwa makadirio ya ABB njia ya kawaida ya udaktari ni nyembamba sana. Ofa za kawaida ni AAA au A*AA, na karibu vyuo vyote vinataka mtihani wa UCAT, unaofanywa mara moja tu kwa mwaka kati ya Julai na Septemba, kabla hata fomu haijatumwa. Mtihani huo haupimi biolojia. Unapima kusoma kwa haraka, kufikia uamuzi, hesabu na maadili ya hali za kazini. Anayeuanza wiki mbili kabla huanguka hata akiwa na akili nyingi; wiki sita hadi nane za mazoezi ya kila siku ndizo za kawaida.

Ipo njia ambayo wazazi wengi hawaijui. Vyuo kadhaa, kwa mfano Southampton na King's College London, vina kozi ya udaktari ya miaka sita yenye mwaka wa mwanzo wa ziada, kwa wanafunzi waliosoma shule za serikali na kutoka familia zenye kipato kidogo au ambazo wazazi hawakusoma chuo. Ofa zake huwa chini ya zile za kawaida. Masharti ya kila chuo ni tofauti na hufuatwa kwa ukali, kwa hiyo binti asome ukurasa wa masharti neno kwa neno kabla ya kutumia nafasi moja ya fomu yake.

Baba asidanganywe na wazo kwamba biomedikali ni mlango wa nyuma wa udaktari. Mwenye shahada ya biomedikali anaweza kuomba udaktari wa miaka minne wa waliokwisha kuhitimu, lakini ushindani wake ni mkali kuliko wa wanaotoka A-level, na mkopo wa mara ya pili ni mgumu. Biomedikali ichaguliwe na anayependa maabara. Na kama anataka kufanya kazi maabara za hospitali, kozi iwe imeidhinishwa na Institute of Biomedical Science na imfikishe kwenye usajili wa HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Kozi zenye jina hilohilo zisizo na idhini humlazimu kusoma moduli za ziada baada ya kuhitimu. Kwa saikolojia kipimo ni idhini ya British Psychological Society. Bila hiyo, mafunzo ya juu ya usaikolojia hayamfungukii bila kozi nyingine ya kubadilisha. Na muwe tayari kwa ukweli kwamba shahada ya kwanza ya saikolojia peke yake haimfanyi mtu mwanasaikolojia. Ni miaka mingine baada yake.

Kuna kozi nyingine zinazotaka biolojia na kemia ambazo familia husahau kuzitaja: famasia, tibamaungo, radiografia, uuguzi, ukunga. Wanafunzi wa uuguzi, ukunga na fani nyingi za afya hupata pauni 5,000 kwa mwaka kutoka NHS Learning Support Fund, juu ya mkopo, nazo hazirudishwi. Kwa mtoto aliyetajiwa udaktari tangu utotoni kwa sababu anapenda kuhudumia wagonjwa, hizi si kozi za kushindwa. Naomba zisitajwe hivyo mezani.

Mazungumzo na baba yafanyike akiwa ameketi na binti, na swali liwe hili: siku ya kawaida ya kazi hiyo ina nini, na je, hicho ndicho unachotaka kufanya Jumanne asubuhi ukiwa na miaka 30? Atafute mtu wa fani hiyo azungumze naye nusu saa. Wa msikitini, wa kanisani, jirani, yeyote. Nusu saa hiyo hufaa kuliko vipeperushi kumi. Siku za wazi za vyuo huanza Juni, nyingine ni za mtandaoni. Mfuateni mkiweza, lakini maswali aulize yeye: saa ngapi za darasa kwa wiki, makundi ya praktikali yana watu wangapi, wangapi wanapata nafasi ya kazi ya mafunzo. Takwimu za kila kozi, pamoja na ajira baada ya kuhitimu, zipo kwenye tovuti rasmi ya Discover Uni.

Fomu ya UCAS

Maombi yote hupitia UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vyote: fomu moja ya mtandaoni, machaguo matano. Kwa udaktari, udaktari wa meno na wa mifugo ni machaguo manne tu, la tano liwe kozi nyingine. Tarehe ya mwisho kwa hizo, na kwa Oxford na Cambridge, ni 15 Oktoba saa 12 jioni. Kwa kozi nyingine ni Januari. Kwa waliokuwa wakijiunga 2026 ilikuwa tarehe 14. Shule huwa na tarehe yake ya ndani, mara nyingi wiki kadhaa nyuma, kwa sababu mwalimu lazima aandike maelezo yake na kuweka makadirio. Tarehe ya kuiweka kwenye kalenda yenu ni hiyo ya shule. Ada ya fomu kwa 2026 ilikuwa pauni 28.95, na aliyekuwa na haki ya chakula cha bure shuleni halipi.

Kwa makadirio ya ABB, machaguo yapangwe kama ngazi: moja au mawili yanayodai AAB, mawili ya ABB, na moja la BBC au chini kidogo, lakini kozi yenyewe awe anaipenda kweli. Kosa la kawaida ni kuweka yote matano juu, au kuweka chuo cha chini ambacho hangekwenda hata akipewa; hicho ni nafasi iliyotupwa. Pia atafute kwenye kila tovuti kama chuo hutoa ofa inayozingatia mazingira. Shule anayosoma, mtaa mnaoishi, kuwa wa kwanza katika familia kwenda chuo, vyote vinaweza kushusha ofa daraja moja au mawili. Kwenye fomu kuna swali kama wazazi wamesoma chuo. Familia nyingine huona haya kujibu. Jibuni ukweli, maana swali hilo linamsaidia.

Maelezo binafsi yalibadilika kuanzia wanaojiunga 2026. Siku hizi ni maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na umefanya nini nje ya darasa kujiandaa. Herufi zote kwa pamoja, na nafasi, zisizidi 4,000, na kila jibu liwe na angalau 350. Hapa mzazi anaweza kusaidia kwelikweli, kwa kumkumbusha. Watoto wetu hawahesabu kama uzoefu mambo wanayoyafanya kila siku: kumtafsiria bibi hospitalini, kufundisha wadogo madrasa au shule ya Jumapili, kumhudumia ndugu mgonjwa. Kwa anayeomba kozi ya afya huo ni uzoefu mzito, mradi aseme umemfunza nini. Msimwandikie, na asiandikiwe na programu ya akili bandia. UCAS hulinganisha maandishi yote, na yanayofanana huripotiwa kwa vyuo.

Jambo dogo ambalo litawafaa siku ngumu: ndani ya fomu kuna sehemu ya kumtaja mtu mmoja anayeruhusiwa kuzungumza na UCAS kwa niaba yake. Akuandike wewe au baba. Bila hivyo, hata ukiwa mzazi, hawatakueleza lolote.

Ofa zikija, atachagua mbili: chaguo la kwanza na chaguo la akiba. Hapo ndipo wengi hukosea. Akiba iwe na alama za chini kuliko la kwanza. Ikiwa sawa au juu zaidi, haimkingi na chochote. Na asipojibu kufikia tarehe yake, ambayo kwa wengi huangukia mwanzoni mwa Juni, ofa zote hufutwa zenyewe. Nayo ni Juni ya mitihani, kichwa kimejaa. Mkumbushe.

Ukaazi, mkopo na majina

Kabla ya kozi yoyote, tazameni hati zenu za ukaazi. Ili alipe ada ya mwenyeji na apate mkopo kama mkazi wa England, kwa kawaida anatakiwa siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, kwa wanaoanza Septemba ni 1 Septemba, awe na makazi ya kudumu au uraia, na awe ameishi Uingereza kihalali miaka mitatu iliyotangulia. Mtoto wa mwenye viza ya kazi, ikiwemo ya kazi za uangalizi, kwa kawaida hahesabiwi, na ada ya kigeni mara nyingi huzidi pauni 20,000 kwa mwaka. Kuna kanuni ya ukaazi wa muda mrefu kwa aliyefikisha miaka 18, inayodai awe ameishi hapa nusu ya umri wake. Binti yako Septemba 2027 atakuwa na miaka 18 na takriban minane ya kuishi hapa, kwa hiyo haitamfikia. Kama bado hamna makazi ya kudumu na mnastahili kuyaomba, ombi liwe limejibiwa kabla ya tarehe hiyo. Yakitoka Oktoba, kwa kawaida hayabadilishi kitu kwa kozi aliyokwisha kuianza. Wenye hadhi ya ukimbizi wana kanuni nyepesi zaidi. Mkiwa na shaka yoyote, ulizeni UKCISA, shirika linaloshughulikia hasa maswali haya.

Mkopo unaombwa Student Finance England, kuanzia majira ya kuchipua ya 2027, na si lazima asubiri kujua chuo gani. Aombe kabla ya tarehe ya Mei itakayotangazwa ili fedha iwahi Septemba. Una sehemu mbili. Mkopo wa ada huenda moja kwa moja chuoni. Ada ya juu mwaka 2025/26 ni pauni 9,535, nayo inapanda. Mkopo wa kujikimu, ile fedha ambayo wanafunzi wa Tanzania huiita boom, huingia akaunti ya mwanafunzi mara tatu kwa mwaka na hutegemea kipato cha wazazi. Kwa kaya yenye kipato cha pauni 25,000 au chini, viwango vya 2025/26 ni hadi pauni 8,877 akiishi nyumbani, 10,544 akiishi mbali nje ya London, na 13,762 akiishi mbali ndani ya London. Kozi zinazoanza Januari 2027 na kuendelea zitaingia kwenye mpango mpya wa Lifelong Learning Entitlement, unaompa kila anayestahili mkopo wa ada wenye thamani ya miaka minne. Kwa hiyo mwaka wa kurudia au kubadili kozi utapimwa kwa uangalifu zaidi.

Kipato kinachohesabiwa ni cha mzazi anayeishi naye na mwenza wake. Cha mjomba au bibi anayeishi nyumbani hakimo. Kwa kila mtoto mwingine mnayemlea hupunguzwa pauni 1,130. Pesa mnazotuma Tanga hazipunguzwi. Kila mzazi hufungua akaunti yake na kuweka namba ya National Insurance na kipato cha mwaka wa kodi uliokwisha. Kama kipato kimeshuka kwa asilimia 15 au zaidi tangu hapo, kuna ombi la kupimwa kwa kipato cha sasa. Na msiondoe ruhusa ya kushirikisha taarifa zenu na chuo. Vyuo vingi hutoa msaada wa fedha usiorudishwa kwa kuangalia taarifa hizo tu. Mkizifunga, msaada haujui kama mpo.

Marejesho huanza Aprili baada ya kumaliza, akipata zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka: asilimia 9 ya kile kinachozidi hapo. Mwenye mshahara wa 30,000 hukatwa 450 kwa mwaka. Akikosa kazi halipi, na kilichobaki hufutwa baada ya miaka 40. Hakuna anayekuja kudai nyumba wala kumdai mzazi.

Riba ipo, nayo hufuata mfumuko wa bei. Kwa familia za Kiislamu hili ni zito, na sitalipunguza. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2017 iliruhusu mkopo mbadala usio wa riba, lakini hadi sasa haujaanza kutolewa. Zungumzeni na sheikh mnayemwamini mapema, mwaka huu, kabla ya ofa. Wanaoamua kutochukua mkopo huwa na njia chache za kweli: kuishi nyumbani, kufanya kazi kwanza, au shahada ya uanagenzi, ambapo mwajiri na serikali hulipa ada na mwanafunzi hulipwa mshahara. Hizo huombwa kwa mwajiri moja kwa moja, na zipo hata katika maabara na uuguzi, ila nafasi ni chache na maombi hufunguliwa wakati wowote wa mwaka.

Mwisho katika nyaraka: majina. Mtoto mwenye majina matatu mara nyingi huandikwa mawili shuleni, matatu kwenye pasipoti, na kwa mpangilio mwingine kwenye cheti cha kuzaliwa. UCAS, Student Finance na bodi ya mitihani hulinganisha, na jina lisipolingana fedha husimama kwa wiki. Linganisheni pasipoti, akaunti ya eVisa (rekodi ya ukaazi ya mtandaoni) na rekodi ya shule mwezi huu, mkamrekebishie shuleni kabla hajasajiliwa kwa mitihani.

Asubuhi ya matokeo

Matokeo ya A-level hutoka Alhamisi ya katikati ya Agosti. Shule huyatoa saa 2 asubuhi, na fomu ya UCAS huonyesha kama chuo kimemkubali karibu na wakati huohuo. Msiwe safarini wiki hiyo. Akikosa alama kidogo, asikate tamaa kabla ya kutazama UCAS, kwa sababu vyuo hupokea wengi waliopungua daraja moja. Akikosa chaguo zote mbili anaingia Clearing, ambapo vyuo vyenye nafasi hupokea simu siku hiyohiyo. Usiku wa kuamkia, awe ameandika orodha ya kozi tano au sita zenye nafasi, namba za simu, namba yake ya UCAS, alama zake za GCSE na sentensi mbili za kwa nini anaitaka kila kozi. Simu apige mwenyewe. Chuo hakitamkubali kupitia mama. Wewe kaa pembeni na kalamu, andika jina la anayezungumza naye, ofa waliyompa na muda wa kuishika. Asiongeze chuo kwenye fomu mpaka wamempa ofa kwa mdomo, maana anaweza kuweka kimoja tu kwa wakati, na sehemu hiyo hufunguka saa 7 mchana.